Nani Anahesabu Muda wa Anayesubiri?

Agosti 1911, katika karakana ya silaha ya jeshi la Marekani huko Watertown, Massachusetts, mtu mmoja alisimama karibu na fundi wa kalibu za mchanga za kumiminia metali, saa ya kupimia sekunde mkononi. Fundi akichota mchanga, jamaa anaandika. Fundi akishindilia, anaandika. Akipumua, pengine aliandika pia. Mafundi hawakungoja kuona daftari lile litawapeleka wapi. Waliweka zana chini wakatoka.

Mgomo wenyewe uliisha haraka. Ugomvi ndio uliobaki. Baraza la Wawakilishi likaunda kamati maalumu, na Januari 1912 Frederick Taylor, mwenye mfumo ule wa saa, akakalishwa mbele ya wabunge akahojiwa. Mwaka 1915 wabunge wakapachika kwenye bajeti ya jeshi kifungu kilichokataza fedha za umma kumlipa mtu yeyote kwa kazi ya kumpimia mfanyakazi muda kwa saa. Fikiria hilo: chombo cha kutunga sheria cha taifa zima kinakaa kujadili kifaa kinachoenea kiganjani.

Anayesoma usimamizi wa uendeshaji chuo kikuu, yaani somo la jinsi kazi inavyopangwa na kufanyika, hukutana na Taylor wiki ya kwanza. Aya mbili tatu, kisha ukurasa unageuzwa kwenda kwa Henry Ford na mkondo wake wa kuunganishia magari wa mwaka 1913. Kamati ya wabunge haimo, au imetupwa kwenye tanbihi. Anayesoma sayansi ya siasa naye anaweza kuvaa joho bila kulisikia jina la Taylor, ingawa kisa cha Watertown kina kila anachokitafuta: serikali kama mwajiri, wafanyakazi walioshikamana, wataalamu wanaoapa kwamba hawana upande, na wabunge wanaoamua ni maarifa gani yalipiwe. Kisa kimoja kimepasuliwa, kila idara ikaondoka na kipande chake.

Upasuaji huo una historia ndefu. Mwaka 1887 Woodrow Wilson, rais wa baadaye wa Marekani lakini wakati huo mwalimu wa chuo tu, aliandika kwamba utawala ni kazi kama kazi nyingine za kiofisi na kibiashara, na kwamba maswali yake si maswali ya siasa. Alikuwa na sababu nzuri. Marekani ya siku zile ilikuwa bado inahangaika kujinasua kutoka kwenye desturi ya kugawa ajira za serikali kama zawadi kwa makada wa chama kilichoshinda, na hoja yake ilikuwa kinga dhidi ya hilo. Tatizo ni kwamba vyuo viliichukua dawa ya ugonjwa mmoja vikaifanya chakula cha kila siku. Leo vitivo vya biashara vina “jinsi”, vitivo vya sayansi ya jamii vina “nani”, na mwanafunzi anavuka kutoka jengo moja hadi jingine kwa ajili ya maktaba tu.

Niweke dirisha moja mezani, kwa sababu bila hesabu maneno haya yataelea.

Dirisha la huduma lina mhudumu mmoja, na kila mtu anachukua wastani wa dakika sita, wengine zaidi, wengine pungufu. Kwa hiyo mhudumu anaweza kumaliza watu kumi kwa saa. Wakija wanane kwa saa, kila mmoja kwa wakati wake bila mpangilio, akili ya kawaida inasema hapatakuwa na foleni ya kutisha. Nafasi ya watu wawili inabaki. Hesabu ya foleni, ile iliyoanzia kwa Agner Krarup Erlang mwaka 1909 alipokuwa akichambua simu za jiji la Copenhagen, inajibu vingine: mtu atasubiri wastani wa dakika 24 kabla ya kufika dirishani. Aongezeke mmoja, wawe tisa kwa saa, kusubiri kunapanda hadi dakika 54. Iongezeke nusu tu, yaani waje watu 19 kila saa mbili, ni dakika 114. Mhudumu ni yuleyule. Hajapunguza kasi, hajachelewa kazini, hajampitisha shemeji yake kwa mlango wa nyuma. Kilichotokea ni kwamba dakika anazokaa bure asubuhi hawezi kuziweka akiba azitumie watu watakapofurika saa nne, na kadiri nafasi ya ziada inavyobanwa, ndivyo kila msongamano mdogo unavyokosa muda wa kuyeyuka kabla mwingine haujafika.

Sasa fungua dirisha la pili, foleni ikiwa moja, wa mbele akienda kwa mhudumu aliye wazi. Wale tisa kwa saa waliokuwa wakisubiri dakika 54 watasubiri wastani wa dakika moja na nusu. Mara ya kwanza nilipoifanya hesabu hii niliirudia mara tatu, nikiamini nimepoteza nukta ya desimali mahali fulani.

Hadi hapa, somo la uendeshaji linastahili makofi. Lakini wageukie wale wahudumu wawili. Kazi inawashika kwa asilimia 45 tu ya muda wao. Zaidi ya nusu ya siku wamekaa. Anapita mkaguzi, anawakuta wakipiga soga, anaandika taarifa: watumishi wawili, kazi ya mmoja, apunguzwe mmoja. Akipunguza ameokoa mshahara, na mshahara una mstari wake kwenye vitabu vya hesabu. Zile dakika 52 na nusu alizomrudishia kila mtu kwenye foleni hazina mstari. Muda wa aliyesimama nje haumo kwenye daftari la ofisi yoyote, kwa hiyo kuupoteza hakumgharimu mtu mwenye kalamu.

Darasani jambo hili linafichwa bila nia mbaya. Swali la mtihani linasema: mshahara wa mhudumu kwa saa ni kiasi hiki, gharama ya mteja kusubiri saa moja ni herufi fulani, tafuta idadi bora ya madirisha. Mwanafunzi anatafuta, anapata, anapewa alama. Hakuna aliyemuuliza ile herufi imejazwa na nani. Kwa mfanyabiashara mwenye washindani, herufi hujijaza kwa kiasi fulani: mteja aliyechoka huondoka, na pengo linaonekana kwenye mauzo. Kwa ofisi ambayo peke yake ndiyo inayotoa cheti fulani, anayesubiri hana pa kwenda. Atarudi kesho. Ukiitazama hesabu kwa jicho la ofisi, gharama ya kusubiri ni sifuri, na ukiweka sifuri kwenye kanuni itakujibu kwa uaminifu kabisa kwamba dirisha moja linatosha. Kanuni haijakosea hata chembe. Imetii uzito iliopewa.

Mwanasayansi wa siasa Harold Lasswell aliiweka taaluma yake katika swali moja mwaka 1936: nani anapata nini, lini, na vipi. Wanafunzi wa sayansi ya siasa wamelichambua neno “nani” hadi limebaki mifupa, na “nini” nalo halijapona. “Lini” wameliacha. Sijui mtaala mwingi unaotenga hata wiki mbili kwa ajili ya kusubiri kama jambo la madaraka, ilhali raia wa kawaida hukutana na dola yake zaidi kwenye foleni kuliko kwenye sanduku la kura.

Hapa niseme wazi upande ninaouegemea. Idara zote mbili zina deni, ila deni la sayansi ya siasa ni kubwa zaidi. Mhitimu wa uendeshaji atafundishwa siasa na kazi yenyewe ndani ya miezi mitatu. Atapeleka mpango wake mzuri kwa bosi, utakufa, naye atajifunza. Mhitimu wa sayansi ya siasa anaweza kustaafu akiwa na jina kubwa bila kujua kwa nini foleni ya watu tisa haifanani na ya wanane. Na asipojua, ana neno lake la akiba la kuzibia kila tundu: ukosefu wa utashi wa kisiasa. Maji hayatoki, ni utashi. Dawa zimechelewa, utashi. Vitambulisho vimekwama, utashi. Nimesoma tasnifu ambazo ukilitoa neno hilo sura ya nne inaporomoka yote. Lingekuwa na maana kama lingepimwa, lakini kwa kawaida linathibitishwa na kushindwa kulekule linakodai kukueleza.

Dawa ya tabia hiyo imo ndani ya taaluma yenyewe, na ina zaidi ya nusu karne. Mwaka 1966 wakala wa serikali ya shirikisho ya Marekani uliahidi jiji la Oakland, California, dola milioni 23 ili kupatikane ajira zipatazo 3,000, hasa kwa watu waliokuwa wakiachwa nyuma. Fedha zilikuwepo. Viongozi wa jiji walitaka, Washington ilitaka, waajiri walisema wanataka. Miaka ikapita, ajira zikawa haba. Wanasayansi wawili wa siasa, Jeffrey Pressman na Aaron Wildavsky, walifanya kitu ambacho wenzao wengi hawakifanyi: walihesabu. Katika uchambuzi wao wa mwaka 1973 walipata vituo 30 vya uamuzi, vyenye jumla ya makubaliano 70 yaliyohitaji kufikiwa. Mpe kila mmoja wa wahusika hao uwezekano wa asilimia 99 wa kukubali, maana yake karibu kila mtu ana nia njema, na bado uwezekano wa mnyororo mzima kufika mwisho uko chini kidogo ya nusu. Mpe asilimia 80, ambayo bado ni nia njema ya kutosha, na baada ya kibali cha nne tu umeshashuka hadi asilimia 41.

Hakuna adui katika hesabu hiyo. Hakuna aliyekosa utashi.

Mhandisi yeyote aliyesoma jinsi mashine inavyoharibika anaijua kanuni hiyo: vipuri vilivyofungwa mfululizo, kimoja kikifa vyote vimekufa, kwa hiyo uthabiti wa mashine ni zao la kuzidisha uthabiti wa kila kipuri. Katika jengo la jirani hiyo ni mada ya mwaka wa pili. Wanasayansi wa siasa walilazimika kuchimba miaka kadhaa Oakland kuifikia kwa njia yao wenyewe. Lakini walifika na kitu ambacho mhandisi hakuwa nacho. Vibali vya wanadamu haviko kama vipuri. Mtu aliyekataa leo huweza kushawishiwa, kubadilishana na mwenzake, kukubali akipewa kitu. Ndiyo maana mara nyingi mradi haufi bali unachakaa. Kila “hapana” inageuzwa “ndiyo” kwa mazungumzo, na kila mazungumzo yanakula miezi. Tumerudi kwa “lini”.

Wapo waliowahi kutembea kwenye majengo yote mawili, na si watu wadogo. Herbert Simon alipata udaktari wake wa sayansi ya siasa Chicago mwaka 1943. Kutokana na utafiti huo alitoa mwaka 1947 kitabu kuhusu jinsi maamuzi yanavyofanyika ndani ya taasisi, akimpinga yule mwanadamu wa kubuni anayejua kila kitu na kuchagua kilicho bora kuliko vyote. Binadamu wa kweli, alisema, anatafuta hadi anapopata kinachotosha, kisha anaacha. Miaka ya 1950 mtu huyohuyo alikuwa na wenzake Pittsburgh wakitengeneza kanuni za kupanga uzalishaji na idadi ya wafanyakazi, na wakazijaribu kwenye kiwanda cha rangi. Mwaka 1978 akapewa Nobel ya uchumi. Mwanasayansi wa siasa aliyejua ndoo za rangi zinavyopangwa; leo sijui angeruhusiwa kusajili kozi zote mbili, ratiba ingemgonganisha.

Mchumi Kenneth Arrow naye, mwaka 1951, alichapisha uthibitisho wake maarufu kwamba kukiwa na machaguo matatu au zaidi, hakuna njia ya kujumlisha mapendeleo ya wapigakura inayotimiza kwa pamoja masharti machache ambayo kila mtu angeyaona ya haki. Mwaka huohuo, pamoja na wenzake wawili, alichapisha makala kuhusu kiasi bora cha bidhaa cha kuweka ghalani. Kura na ghala, kichwa kimoja, mwaka mmoja. Sidhani ni bahati. Kote kuwili swali ni moja: ukiwa hujui kesho italeta nini, na watu wanataka vitu tofauti, kanuni gani itakufaa na itamwacha nani nje?

Ghala lenyewe ni siasa tupu, ingawa linafundishwa kama hesabu. Taiichi Ohno na wenzake wa Toyota walionyesha kwamba akiba kubwa ya vipuri huficha uzembe, na kwamba kila kitu kije kinapohitajika. Kwa kiwanda kinachojua mahitaji yake, na chenye kamba ambayo mfanyakazi yeyote anaweza kuivuta kusimamisha mkondo, ilikuwa akili kubwa. Wengi waliouiga mfumo walichukua ghala tupu wakaiacha kamba. Kisha ikaja 2020 na uhaba wa barakoa mahospitalini, na Machi 2021 meli ya Ever Given ikaziba mfereji wa Suez kwa siku sita. Kuondoa akiba hakukuwa kumeondoa hatari. Kulikuwa kumeihamisha kutoka kwenye vitabu vya mnunuzi hadi kwa yule atakayekuwepo siku mambo yatakapokwama. Nani awe huyo ni swali la sayansi ya siasa, na halikuulizwa kwa sababu aliyelijua hakuwa chumbani.

Au tuchukue karatasi ya kura ya Palm Beach, Florida, mwaka 2000, ile iliyopanga majina ya wagombea urais pande mbili na matundu katikati. Ilibuniwa kwa nia njema, herufi ziwe kubwa wazee wasome. Wapigakura wengi wakatoboa mahali wasipokusudia, na jimbo zima, na urais pamoja nalo, likaamuliwa kwa tofauti ya kura 537. Muundo wa fomu ni mada ya uendeshaji. Nani kawa rais ni mada ya siasa. Jaribu kuvitenganisha hapo.

Nisieleweke kwamba nataka mafundi wa ufanisi wakabidhiwe funguo. Taylor aliamini kabisa kwamba sayansi ikishaamua kazi ya siku ya haki ni kiasi gani, hakutabaki cha kujadiliana baina ya mwajiri na mfanyakazi. Huo ndio upofu ninaouogopa, na unaambukiza hata wasiotarajiwa: Lenin mwaka 1914 aliandika kwamba mfumo wa Taylor ni utumwa wa binadamu chini ya mashine, na mwaka 1918, akiwa sasa yeye ndiye mwenye viwanda, akahimiza usomwe na ujaribiwe. Kiti kinabadilisha mtazamo. Mwanafunzi wa uendeshaji akikisoma kisa hicho kwa makini, hatasema tena kwamba zana yake haina mwenyewe.

Basi vyuo vifanye nini? Shahada ya pamoja sitaki. Nimeona zinavyokuwa: nusu ya hii, nusu ya ile, na mwanafunzi anayehitimu akiwa mgeni kote kuwili. Ningependa zoezi moja tu la muhula mmoja. Wachukuliwe wanafunzi wawili, mmoja kutoka kila idara, wapewe fomu moja ya kweli ya ofisi yoyote ya umma, waifuate kutoka anapoiwasilisha mwombaji hadi anapopokea jibu. Wa kwanza aandike, kwenye kila meza, fomu imelala siku ngapi na imeshikwa dakika ngapi. Wa pili aandike, kwenye meza ileile, mwenye meza anaweza kuikwamisha kwa mamlaka gani, anajibu kwa nani, na anaogopa nini. Taarifa iwe moja, alama iwe moja, wagawane.

Najua watakapogombana. Tuseme ni meza ya nne, kwenye saini ambayo haiongezi kitu. Fomu inalala pale siku 11, inashikwa dakika moja. Wa uendeshaji atasema ifutwe, na atakuwa na grafu. Wa siasa atakuwa ameshakaa na mzee wa meza hiyo akaambiwa kwamba saini ile iliwekwa baada ya maombi ya watu wa upande fulani kupotea mfululizo, na wakapigania awepo mtu wa kuyashuhudia yakipita. Siku 11 ni gharama. Kushuhudiwa nako kulikuwa na bei yake, ililipwa zamani na watu ambao hawamo kwenye grafu. Wakae hapo usiku kucha wakitafuta njia ya kubakiza shahidi bila kubakiza siku 11; huenda wakaipata, kwa sababu dakika moja ya kushika fomu haihitaji foleni ya wiki moja na nusu.

Idara bila shaka zitabishana nani aisahihishe taarifa hiyo. Mimi ningempelekea mzee wa meza ya nne.